Jiwe la pangoni na jiwe la tanuri: kwa nini moja lilindwe na jingine lichomwe?

Msomaji mmoja kijana ameniandikia hivi:

“Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nakaa si mbali na Mapango ya Amboni. Baba yangu mdogo anachimba mawe na kuchoma chokaa, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Juzi tuliingia mapangoni na wenzangu, mmoja akavunja ncha ya jiwe lililokuwa linaning’inia, akaja nayo nyumbani. Nilipomweleza baba mdogo kwamba ni kosa, alicheka akasema: ‘Jiwe ni jiwe tu. Hilo la pangoni na hili la tanurini ni moja.’ Nilikosa la kumjibu. Je, amekosea? Na kama ni jiwe moja, kwa nini pale palindwe mpaka miti inayozunguka, na huku tuchome?”

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina uzito, kwa sababu umeliuliza ukiwa unaujua mkono uliokulisha. Wengi wanaozungumzia hifadhi hawajawahi kubeba jiwe. Nitakujibu kwa urefu, na ningependa umsomee baba mdogo pia.

Nianze kwa kumpa haki yake. Kuhusu jiwe lenyewe, hajakosea hata kidogo. Ukuta wa pango, ile ncha aliyovunja mwenzako, kokoto iliyomwagwa barabarani na donge linaloingia tanurini, vyote ni kitu kile kile: kalsiamu kaboneti. Ganda la chaza na kome la pwani ni hiyo hiyo. Mkiwa na shaka, chukueni ndimu, ponda kidogo kipande cha jiwe, kamulia juu yake na usogeze sikio. Utasikia mchemko mdogo na kuona povu jembamba. Hiyo ni hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka kwenye jiwe. Tanuri hufanya kazi ile ile ya ndimu, ila kwa moto: ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa unabakiwa na kilo 56 tu, na kilo 44 zimepaa hewani. Baba mdogo anaijua hesabu hiyo kwa mabega. Jiwe huingia zito, likatoka jepesi.

Kwa hiyo asili ni moja. Ninapoachana naye ni kwenye lile neno “tu”. Jiwe la tanurini limeshang’olewa mahali pake, kazi iliyobaki ni ya binadamu. Jiwe la Amboni liko kazini, na limekuwa kazini tangu kabla hapajakuwa na mtu wa kuliita jiwe.

Lilizaliwa baharini. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, enzi wataalamu wanayoiita Jurasiki, bara kubwa la kusini lilikuwa linapasuka na Madagaska ikianza kuachana na Afrika. Bahari ikaingia kwenye ufa. Palipo na Tanga leo palikuwa na maji ya kina kifupi, yenye joto, na yenye uhai mwingi: matumbawe, makome, viumbe vidogo visivyohesabika. Vilikufa, maganda yakatuama, yakalaliana, yakashindiliwa mpaka yakawa mwamba. Ukiingia tena pangoni, usikimbilie mbele na tochi. Simama karibu na ukuta, mulika kwa ubavu ili mwanga upite kandokando ya jiwe, na uangalie mistari iliyojikunja kama nusu ya sahani iliyovunjika. Hayo ni maganda. Sisi tunayaita visukuku.

Hapa nirekebishe jambo ambalo husemwa sana. Utasikia kwamba mapango ya Amboni yana umri wa miaka milioni 150. Huo ni umri wa mwamba. Mapango ni mdogo wake, mdogo sana, maana maji hayawezi kuchimba vyumba na korido ndani ya mwamba ambao bado umelala chini ya bahari. Lazima nchi iinuke kwanza, mvua inyeshe juu yake, mito kama Mkulumuzi na Sigi ichonge mabonde, ndipo maji yapate njia ya kushukia. Nyumba na matofali yake havina umri mmoja.

Sasa tuje kwenye tone la maji, maana hapo ndipo jibu lako lilipo.

Tone la mvua linapoanguka kutoka mawinguni hunyonya hewa ya kaboni kidogo na kuwa na ukali mdogo sana wa asidi. Kidogo hicho kisingetosha kufanya jambo la maana. Lakini tone halianguki moja kwa moja kwenye jiwe. Linaanguka kwenye jani, linateleza kwenye shina, linaingia kwenye udongo. Humo mizizi inapumua, wadudu wanapumua, majani yanaoza, na kwa sababu hiyo hewa iliyo katikati ya chembe za udongo wa msituni huwa na kaboni dioksaidi mara kumi, hata mara mia, kuliko hewa unayovuta wewe. Tone linapita humo na kushiba. Likifika kwenye mwamba sasa lina meno. Linalimega jiwe taratibu kupitia nyufa, linabeba ile kalsiamu bila kuonekana, kama chumvi iliyoyeyuka kwenye chai. Kisha linatokeza kwenye dari ya pango.

Niliwahi kukaa chini ya tone kama hilo, nimezima tochi ya kichwani na kubakiwa na ndogo ya mkononi. Lilikuwa kwenye ncha ya mrija mwembamba wa jiwe, unene wake kama mrija wa kunywea soda, mweupe kiasi kwamba mwanga ulipenya. Tone lilikuwa linavimba taratibu. Lilitetemeka. Nikadhani linaanguka, halikuanguka. Ndani ya pango hewa ina kaboni kidogo kuliko ile ya udongoni, kwa hiyo tone lilikuwa linaitoa kaboni yake pale pale likining’inia, na kila linavyoitoa linashindwa kuendelea kubeba mzigo wake wote. Linatua sehemu ya mzigo ule kwenye mdomo wa mrija: duara la jiwe jembamba kuliko unywele. Kisha likaanguka, na mahali lilipoangukia kulikuwa na nundu ndogo inayong’aa, ikipokea mabaki. Nikaanza kusubiri la pili.

Hivyo ndivyo jiwe linaloning’inia, tunaloliita stalaktiti, linavyokua, na hivyo ndivyo lile linaloinuka kutoka sakafuni, stalagmiti, linavyomfuata mwenzake. Mwendo hutofautiana kati ya pango na pango, lakini wastani unaotajwa mara nyingi ni sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Kipande chenye urefu wa penseli mpya, sentimita 18, kingehitaji kama miaka 1,800. Rudi nyuma kiasi hicho na utafika kabla Uislamu haujafika pwani hii. Sijui kipande cha mwenzako kina urefu gani, lakini mpimie na umfanyie hesabu.

Na hata kama asingevunja, kugusa tu kuna gharama. Kiganja kina mafuta na jasho. Mafuta yakipakwa kwenye ncha, maji hayailowanishi vizuri tena, na jiwe jipya halishiki. Ndiyo maana kwenye njia inayotumiwa na wageni utaona mawe mengine yamekuwa meusi na laini kama nguzo ya ngazi ya zamani. Hayo yamesimama kukua. Moshi wa mienge hufanya vivyo hivyo. Pale Amboni kuna mapango kumi, na wageni huongozwa kwenye moja tu. Watu wengine huona ni uvivu wa wasimamizi. Mimi naona ni busara: moja libebe mzigo wa miguu yetu, mengine yapumzike.

Sasa shika neno hili, maana ndilo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Pango haliishii mlangoni, na wala halianzii mlangoni. Linaanzia kwenye jani. Ukifyeka miti iliyo juu ya dari, ukaacha jua liukaushe udongo, mizizi imekufa, kaboni ya udongoni imepungua, basi tone linaloshuka halina tena meno wala mzigo. Masika yakija, maji yanateremka kwa fujo na tope badala ya kuchuja taratibu, na ule mrija mweupe unavikwa matope mekundu. Unaweza kuweka geti la chuma mlangoni, ukakata tiketi, ukaweka askari, na pango likafa kutokea juu huku geti limefungwa. Ndiyo maana panalindwa mpaka miti inayozunguka.

Kuna mmea mmoja mdogo ambao hauniachi nikizungumzia mazingira yale. Kwenye nyufa za mawe ya chokaa yenye kivuli, karibu na Tanga, huota mmea wenye majani manene yenye vinyweleo kama mahameli, yamelala chini kama sahani, na katikati maua madogo ya zambarau yenye punje za manjano. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta sehemu mbili: kwenye milima ya Usambara, na kwenye mawe ya chokaa mwendo wa saa moja tu kutoka mjini Tanga. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia ionantha kwa heshima ya familia hiyo, na leo wataalamu wameuhamishia kwenye kundi la Streptocarpus. Wajerumani wa kawaida bado hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara.

Mamilioni ya vyungu vya ua hili huuzwa kila mwaka Ulaya na Marekani. Linakaa kwenye madirisha ya watu ambao hawajawahi kusikia jina Mkulumuzi. Na kwao, kwenye makorongo yetu, limebaki vishada vichache kwenye nyufa, kwa kuwa linataka mambo mengi kwa pamoja: jiwe, unyevu, na kivuli cha mti mkubwa. Kata ule mti na jua la saa saba mchana litaunguza majani yake kabla ya msimu kwisha. Hakuna haja ya kuligusa ua lenyewe. Nikimwona anayeuza miche ya ua hili mjini, imeletwa kwa ndege kutoka nje, moyo huniuma.

Tuingie kwa popo. Najua watu wengi hawawapendi, na baadhi ya wenyeji huwachoma au kuwafukuza kwa moshi. Mapango ya chokaa ya pwani yetu, tangu Kilifi nchini Kenya mpaka Tanga, ni mabweni yao. Wapo wanaokula wadudu, wenye pua zilizokunjwa kama jani, wanaotoa sauti ya juu ambayo sikio letu haliipati na kuusikiliza mwangwi wake. Wapo pia popo wa matunda wakaao mapangoni, wanaotafuta njia gizani kwa kugonga ulimi, tk-tk, tk-tk, sauti ambayo hata wewe unaweza kuisikia. Jioni hutoka kama moshi. Wanaokula wadudu hushughulikia mbu na nondo wa mashambani. Wa matunda huenda kwenye mibuyu.

Ua la mbuyu hufunguka magharibi na kunyauka asubuhi. Lina usiku mmoja. Ni kubwa, jeupe, linaning’inia kichwa chini, na lina harufu nzito. Linamsubiri popo. Anaingiza uso kunywa, anatoka na poda ya maua kifuani, anakwenda ua jingine. Kwa hiyo ubuyu unaomnunulia mdogo wako kwenye mfuko wa plastiki una mkono wa mnyama aliyelala mchana kutwa kwenye dari ya jiwe la chokaa.

Popo huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, na mama humning’iniza mwilini au kumwacha darini akienda kutafuta chakula. Mkiingia kundi mkipiga kelele, mkamulika juu kwa taa kali, wakubwa hushtuka na kuruka, na watoto huanguka sakafuni. Aliyeanguka harudi. Hata wasiotambua wanachofanya wanaua. Kwa hiyo mulikeni chini, semeni taratibu.

Niseme na upande wa pili bila kuficha, maana afya ni afya. Popo na vinyesi vyao si vya kuchezea. Popo wa matunda wa mapangoni hubeba kirusi cha Marburg bila wao kuugua, na Tanzania imeshapata mlipuko wa ugonjwa huo mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Vumbi la kinyesi kikavu nalo linaweza kubeba vimelea vya fangasi wanaoshambulia mapafu. Msiwashike, msiwale, msilale pangoni, na mkitoka nawa mikono kabla ya kugusa chakula. Kuwaacha kwa amani kwenye giza lao kunatulinda sisi na wao. Anayewafukuza kwa moshi huwatawanya kwenye dari za nyumba.

Kuhusu maji. Wachimbaji mawe wanaijua tabia hii kuliko wasomi: mwamba wa chokaa haushiki maji juu. Mvua kubwa inanyesha, na baada ya muda mfupi hakuna dimbwi. Yamekwenda wapi? Yameingia kwenye nyufa na mashimo. Kwenye mchanga maji huchujwa chembe kwa chembe, lakini kwenye jiwe la chokaa yanapita kama kwenye bomba. Kinachomwagwa juu, iwe mafuta ya jenereta, choo cha shimo, au mzoga uliotupwa kwenye shimo ili kuuondoa machoni, kinaweza kutokeza kwenye chemchemi ya upande wa pili kikiwa bado na harufu yake. Nimeona mashimo ya asili yaliyojazwa taka kwa sababu tu yalikuwa mashimo. Yale ni midomo. Ukiyalisha taka, kuna anayezinywa mahali.

Na hapo ndipo ninapoelewa hadithi ulizokulia nazo. Utakuwa umesikia ile ya mbwa aliyepotelea Amboni akaonekana Kilimanjaro, na ile ya njia ya chini kwa chini mpaka Mombasa. Kwa ukweli wa miamba haziwezekani. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, uko karibu kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna miamba migumu ya kale isiyoyeyuka kwa maji ya mvua. Kwenda Mombasa ukanda wa chokaa upo, lakini umekatwakatwa na mabonde na mipasuko ya ardhi. Uchunguzi wa wataalamu wa Kijerumani na Kituruki mwaka 1994 ulilikuta pango refu kuliko yote lina mita 900. Hata hivyo hadithi ile ina chembe ya kweli ambayo wazee waliiona bila vipimo: kilichoingia hapa hutokea pengine. Waliokutungia hadithi walijua ardhi hii ina mifereji ndani.

Wazee hao hao ndio walioanza kulilinda jiwe kabla ya sheria. Mpaka leo kuna watu wanaokwenda kutambika mapangoni, na utakuta marashi, vitambaa, sarafu kwenye vijipango vya ndani. Mtu ana dini yake na sitaingia humo. Ninachojua ni kwamba mahali ambapo mtu alitakiwa avue viatu na asikate hata fimbo, miti ilibaki. Tazama majirani zetu wa Kilifi. Kaya Kambe na Kaya Jibana, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ziko kwenye mawe ya chokaa ya enzi ile ile ya Jurasiki kama haya ya kwetu. Msitu umesimama juu ya majabali kwa sababu wazee wa kaya walikataza. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na kilichoandikwa kwenye karatasi kilikuwa kimeshalindwa kwa miiko karne nyingi.

Na kwenye chokaa hiyo hiyo ya Kilifi liko pango la Panga ya Saidi. Humo watafiti walikuta mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyelazwa ubavu ndani ya shimo dogo lililochimbwa kwa makusudi, magoti yamekunjwa kifuani, kichwa kimewekwa kama juu ya mto. Mifupa ilikuwa imelainika mno hata ikabidi bonge zima la udongo livikwe plasta na kupelekwa maabara likiwa zima. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: miaka 78,000. Hakuna kaburi la binadamu wa aina yetu la zamani zaidi linalojulikana katika Afrika. Wakampa jina la Mtoto, kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Udongo wenye chokaa hupoza ukali wa asidi inayokula mifupa, na hiyo ni moja ya sababu mapango ya namna hii huhifadhi yaliyopotea kwingine. Kabla hujasema sakafu ya pango ni vumbi la kuchota, mkumbuke huyo.

Narudi kwa baba mdogo, maana sipendi jibu linalomwacha mtu wa kazi akiwa ameshtakiwa na hana pa kushika. Chokaa inahitajika. Inapaka nyumba, inatibu udongo wenye uchachu mashambani, inatengeneza saruji. Miji yetu ya kale ya pwani, na magofu ya Tongoni hapo kusini mwa Tanga, yamesimama kwa chokaa iliyochomwa. Simwombi aache kazi. Mawe ya chokaa ya ukanda wa Amboni hutajwa kuenea kilomita za mraba 234, na yapo mengi ambayo hayana pango chini wala msitu juu. Kuchagua pa kuchimba ndiyo hekima ya kazi yenyewe.

Mapango yako chini ya serikali tangu mwaka 1963; kabla ya hapo, kuanzia 1922, yalikuwa mikononi mwa kampuni ya mkonge ya Amboni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo inayoyasimamia maeneo kama hayo, na machimbo nayo yana masharti yake ya leseni, pamoja na yale ya mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini mimi naogopa zaidi mpaka unaosogea kidogo kidogo bila mtu kusema. Leo mita tano, mwakani mita kumi, kwa sababu jiwe la hapo lilikuwa zuri. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwenye mawe haya kuna hatari ya ziada: baruti. Mtikisiko hausomi ramani. Nyufa hufunguka mbali na pale ulipotega, mirija ya dari hukatika gizani ambako hakuna wa kuona, na njia ya maji iliyokuwa inalisha tone kwa maelfu ya miaka hugeukia kwingine kwa siku moja.

Kwa hiyo akitaka ushauri wangu wa kikazi, ni huu. Kabla ya kufungua uso mpya wa mwamba, atembee juu yake asubuhi baada ya mvua na kutafuta mahali maji yanapozama au upepo wa baridi unapotoka ardhini. Upepo wa baridi kutoka kwenye ufa maana yake kuna uwazi mkubwa chini. Akiukuta, asitege baruti hapo, na aende kwa wasimamizi wa mapango na ofisi ya madini kabla ya kuendelea. Hata kwa usalama wake mwenyewe, paa la pango lisilojulikana limeshawahi kumeza mitambo na watu katika nchi nyingi. Kuhusu kuni za tanuri, azinunue kwenye mashamba ya miti ya kupandwa, asichukue kwenye kingo za Mkulumuzi hata kama ni karibu na bei ni bure. Miti ile tayari ina kazi.

Kile kipande cha mwenzako sasa. Kukibandika kwa gundi hakusaidii. Gundi huzuia maji na kuoza, na mtu asiye fundi ataharibu zaidi. Msikitupe pia. Kirudisheni kwa wasimamizi pale mapangoni, mkawaeleze ni chumba gani na upande gani kilivunjwa. Kipande kilichokatwa huonyesha ndani yake pete kama za mti, na kila pete ina habari ya mvua za zamani: miaka ya masika mazuri, miaka ya ukame. Mtafiti akijua kilipotoka, anaweza kukisoma. Kikikaa sebuleni juu ya televisheni hakisomeki na mtu.

Na umwambie baba mdogo kwamba nina ombi moja. Anapopasua mawe, atakuta mara nyingine kome zima au tumbawe lenye nyota ndogo ndogo limebaki ndani ya jiwe kama lilivyokufa. Asilitie tanurini. Aliweke pembeni, aandike kwa kalamu ya chaki limetoka shimo gani na kina gani, na akipata matatu manne yapelekwe makumbusho au chuo kinachofundisha jiolojia. Yeye hupasua kwa siku moja mawe mengi kuliko mimi kwa mwaka, na macho yake yameshazoea rangi ya jiwe kuliko yangu.